Jina Lililoandikwa Mlangoni

Natalia aliapa asubuhi ile kwamba hatavaa koti la bluu, kwa sababu Yonas aliwahi kulisifia. Akavaa sweta la kahawia. Akatoka mpaka mlangoni, akarudi ndani, akavua sweta, akavaa koti la bluu.

"Unaenda wapi?" aliuliza mama yake, Evaline, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda uani akifunga vitunguu saumu mafungu mafungu.

"Msituni, mama. Kutembea."

"Kutembea! Mtu mzima anakwenda msituni bila panga wala kamba ya kuni, anasema anatembea." Evaline alikaza fundo. "Na yule wa sinema?"

"Na yule wa sinema."

"Baba yako akitoka jumuiya atakuuliza. Unajua anavyosema. Kijana anayefufua maiti kila Jumamosi hafai kuwekwa karibu na binti wa mtu. Na watu wa kule chini leo wako hapa, kesho wamefuata mvua na ng'ombe wao. Wewe utafuata?"

"Hajaniambia nimfuate popote, mama."

Hilo lilitoka na uchungu kuliko alivyotaka. Evaline alinyanyua macho, akamtazama mtoto wake kwa muda. Kisha akainuka, akaingia jikoni, akarudi na viazi vya kuchemsha vikiwa bado na moto, amevifunga kwenye kitambaa safi. Akavitia kwenye mfuko wa koti la bluu. Vilikuwa vingi, vya kutosha watu wawili. Akarudi kwenye vitunguu vyake.

Yonas alikuwa anamngojea barabarani karibu na ziwa la Tlawi, pikipiki imezimwa, kofia ya sufu ameivuta mpaka masikioni. Alipomwona Natalia alishuka haraka, kama mwanafunzi aliyeona mwalimu mkuu.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Baba hajambo?"

"Hajambo."

"Na mama?"

"Yonas, utawasalimia mpaka kuku? Twende."

Alicheka kidogo. Akavua glavu zake, akampa. Natalia alitaka kuzikataa, lakini alikuwa ameshazivaa. Yonas alisema amezoea baridi. Hakuwa amezoea. Kwao ni Getanuwas, kwa Wadatoga, kwenye tambarare ya jua na vumbi, na kila kipupwe baridi ya Mbulu ilimpasua midomo.

Siku hizo mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, na watu wengi waliendelea kuandika Arusha kwenye bahasha zao. Yonas alikuwa amepanda Mbulu mjini na televisheni, deki, jenereta, na sanduku la kanda za video aliloachiwa na mzungu mmoja mchimba visima aliyekuwa anarudi kwao. Akakodi ghala la mahindi, akaweka mabenchi. Fundi rangi akaandika mlangoni kwa herufi nyekundu: GIDABUDAY VIDEO. Baba yake Yonas alikufa mwanawe angali mdogo, Yonas akalelewa na babu yake, mzee Gidabuday, na jina la mzee ndilo alilotaka liwe juu ya mlango. Kwa muda mfupi mji mzima ukawa unasema, "Tukutane kwa Gidabuday."

Wenye mabanda mengine walionyesha ngumi na mapenzi ya Kihindi. Yonas alikuwa na sanduku la mzungu tu, na sanduku lile lilijaa sinema za kutisha za zamani, nyingine zilizotengenezwa kabla yeye hajazaliwa. Kulikuwa na majumba ya mawe yaliyotikisika mlango ukifungwa kwa nguvu, kwa kuwa mawe yenyewe yalikuwa makaratasi. Kulikuwa na popo wenye uzi mgongoni, daktari aliyeshona kichwa cha mtu kwenye mwili wa mwingine, na damu nyekundu kama rangi ya geti. Zilikuwepo pia zile za wanawake waliofungwa kisiwani wakampindua bwana jela kwa vijiko, na ya dada mmoja mwenye pikipiki aliyewasaka wauaji wa mdogo wake nchi nzima, nywele zake zisivurugike hata mara moja.

Watu walicheka. Natalia alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la ng'ambo ya barabara. Jumamosi moja mvua ilimsukumia ndani ya banda, akapiga kelele mpaka akamwaga pini zake zote. Jumamosi iliyofuata alirudi, hakuna mvua.

Alichokipenda zaidi ni tafsiri. Yonas alikaa kando ya televisheni na kuwaeleza watu kinachosemwa. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, kwa hiyo pale asipoelewa alitunga, na alitunga kwa huruma. Hakuna msichana aliyekufa katika sinema za Yonas bila kwanza kumsalimia mama yake. Na kabla ya mahali pabaya alisimamisha kanda, akasema, "Sasa mama zangu, fumbeni macho, nitawaambia likipita." Na kweli aliwaambia.

Mwanzoni mwa kipupwe, mavuno yalipopungua na watu wakapata nafasi, ndipo walipoanza kwenda msitu wa Nou. Yonas alikulia mahali ambapo unaona ng'ombe wako wakiwa mbali sana, hakuna cha kuzuia macho. Msitu ulimtisha, naye alipenda kutishwa. Natalia alipenda pia. Walitembea kwenye njia za watu wa kuni, ukungu umening'inia kwenye ndevu za miti, na walisimuliana sinema upya huku wakigeuka nyuma kuangalia.

Hayo yote yalikuwa kabla ya mnada wa Katesh. Tangu mnada ule, Natalia hakuelewa tena chochote.

Siku hiyo ya koti la bluu, pikipiki waliiacha kwa mzee mmoja anayekaa ukingoni mwa msitu, wakaingia kwa miguu. Ardhi ilikuwa laini. Baridi ilikuwa imepukutisha majani ya miti mingi, mengine ya njano, mengine mekundu kama udongo uliochomwa, nayo yalilia chini ya viatu vyao. Kila upepo ulipopita mengine yalishuka, yakizunguka polepole.

"Unasikia?" Yonas alisema. "Mtu anatufuata."

"Ni majani."

"Ndivyo alivyosema yule dada mwenye taa kwenye sinema."

"Yule dada alikuwa mjinga. Alisikia mtu analia kwenye shimo, akashuka na gauni la kulalia kuuliza, 'Nani yupo hapo?' Mimi ningekwenda kuita majirani."

"Ungeita majirani, sinema ingekwisha dakika ya kumi."

"Si ingekwisha vizuri?"

Walicheka pamoja, na kwa muda ilikuwa kama zamani. Natalia alitoa viazi, wakala wakiwa wamesimama. Alimtazama alivyokuwa anamenya kwa uangalifu na kumpa yeye kile kikubwa. Mtu anayekupa kiazi kikubwa, alijiuliza, anaweza kuwa amekuacha?

"Nina kanda moja hujaiona," Yonas alisema haraka, kama mtu anayekimbia ukimya. "Bibi arusi analetwa kwenye jumba kubwa. Wanakaa mezani kula. Mama mkwe yuko pale mwisho wa meza, amevaa vizuri, hasemi kitu. Bibi arusi anamsalimia, kimya. Anamsalimia tena, kimya. Kumbe mama mkwe alishakufa miaka mingi, wamemkalisha tu..."

"Basi."

"Bado sijafika mahali pa..."

"Nimesema basi, Yonas. Sitaki habari za mama mkwe asiyejibu. Mimi ninaye wangu."

Yonas alisimama. Ganda la kiazi likamponyoka mkononi.

Natalia hakukusudia kusema hivyo. Alikuwa amepanga kukaa kimya kwa heshima, arudi nyumbani, asimwone tena. Lakini sasa mlango ulikuwa umefunguka na hakujua kuufunga.

"Nilikukosea nini Katesh?" aliuliza. "Niambie tu. Nilikuwa kwa shangazi Zita, Mogitu, ukasema njoo mnadani umwone mama. Nikaja. Mama yako akanishika mikono yote miwili, akanipa maziwa kwenye kibuyu chake. Nikafurahi. Nikamwambia cherehani yangu iko mbele ya kwa Gidabuday, kwamba mjini wote wanamsifu Gidabuday. Nikamwuliza mzee Gidabuday hajambo huko nyumbani. Kuna ubaya gani hapo? Akavuta shuka lake akafunika mdomo. Akakwambia kitu kwa lugha yenu, akageuka akaondoka katikati ya ng'ombe. Na wewe tangu siku hiyo umekuwa mgeni. Unanisalimia kutoka ng'ambo ya barabara kama karani. Huji tena kukaa barazani kwangu. Halafu kila asubuhi nikifika nakuta baraza limefagiliwa, maji yamejazwa kwenye ndoo. Ni nani anafagia, Yonas? Popo?"

"Ni mimi."

"Unaniacha huku unanifagilia?"

"Sijakuacha."

"Sasa ni nini?"

Yonas alikaa juu ya gogo. Alivua kofia, akaivaa tena. Mtu aliyezoea kuwasemea wazungu na mizimu yao alikuwa anatafuta maneno yake mwenyewe.

"Mama alisema, 'Huyu binti analitaja jina la mzee.'"

"Nilitaja vibaya?"

"Hapana. Ulilitaja vizuri tu. Kwetu, mwanamke akiolewa halitaji jina la baba mkwe wake, wala la babu wa mumewe. Mpaka anazeeka, mpaka anakufa. Ni heshima. Mama hajalitamka lile jina tangu aingie boma lile. Akitaka kumsema mzee anazunguka. Anasema mwenye zizi, anasema yule wa kigoda cha mbele. Ile rangi ya mlangoni kwangu, nilipomwambia imeandikwa nini, alicheka siku nzima, maana hawezi kumwambia mtu yeyote mwanawe anafanya kazi wapi."

Natalia alishika mdomo. "Na mimi nilimtajia mara tatu!"

"Wewe unaruhusiwa. Wewe bado ni wa baba yako. Ndicho mama alichosema. 'Analitaja bila wasiwasi, bado ni wa kwao. Twende tukamwombe kwa wazazi wake kabla ulimi wake haujazoea.'"

"Kwa hiyo hakukasirika?"

"Alifurahi."

"Alifunika mdomo akakimbilia ng'ombe!"

"Alikuwa anacheka. Na aliona haya kidogo."

"Watu gani nyie? Mnafurahi kama mmefiwa!"

Yonas alicheka, naye Natalia akacheka kwa hasira, machozi yakimlenga, asijue anacheka nini. Msichana aliyekuwa amelala na huzuni siku zote zile anaambiwa huzuni yenyewe ilikuwa furaha ya watu wengine. Hata hakujua aiweke wapi.

"Na barazani? Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Mama alinikataza. Alisema mtu akishaamua kwenda kuomba, asikae tena na binti barazani kila siku kama fisi anayezunguka zizi. Nikae mbali mpaka wafike kwenu. Kukaa alikataza. Kufagia hakusema."

Natalia alimtazama. Jani la njano lilikuwa limetua begani kwake, naye hakulijua.

"Wafike kwetu lini?"

Yonas aliivuta kofia mpaka masikioni.

"Yonas. Lini?"

"Leo."

"Leo?"

"Sasa hivi watakuwa wamefika. Mama na mzee Ignasi, katekista wa Mogitu. Yeye anajua lugha zote, ndiye mshenga."

Natalia alisimama, akakaa, akasimama tena. "Wageni wako kwetu, na mimi niko huku nasimuliwa habari za maiti mezani!"

"Nilitaka kukuambia tangu pale ziwani."

"Ukauliza habari za kuku!"

"Niliogopa. Sinema najua kuziogopa. Hii sijui inaogopwa vipi."

"Na mimi? Umeniuliza mimi?"

Hapo Yonas aliinuka kwenye gogo. Hakuja karibu. Alisimama pale alipokuwa, mikono imeshuka.

"Nakuuliza, Natalia. Nimechelewa, lakini nakuuliza. Unanitaka?"

Upepo ulipita juu, majani yakashuka kati yao. Natalia alifungua mdomo ili aseme ndiyo, kwa sababu miezi yote hiyo neno hilo lilikuwa tayari. Halikutoka. Alimwona mama yake akifunga vitunguu. Aliona tambarare asiyoijua, zizi la watu wasiojua lugha yake, na maisha yake yote akizunguka jina moja kama mtu anayezunguka kisima.

"Sijui," alisema, na lilikuwa jibu la kweli. "Hata ile ya kichwa kilichoshonwa, nikiogopa najua ni rangi. Hii si rangi, Yonas. Nilikuwa najua mpaka uliponiuliza."

"Nikurudishe nyumbani?"

"Nirudishe."

Yonas hakumlaumu. Njia nzima aliendesha polepole, na kila penye mashimo alisema, "Shikilia," kwa sauti ileile aliyowaambia mama za watu wafumbe macho.

Yonas alibaki nje karibu na pikipiki, kwa kuwa anayeomba haingii mpaka aitwe. Natalia alipita uani peke yake, akatoa majani kwenye nywele, akaingia.

Kitu cha kwanza alichokiona kilimchanganya zaidi. Mama yake Yonas alikuwa amekaa karibu na Evaline, bangili zake za shaba zimepandishwa mpaka kwenye viwiko, anafunga vitunguu saumu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kidatoga cha Evaline hakikuwepo kabisa. Lakini mafungu yalikuwa yameongezeka, na Evaline alikuwa amempa mgeni kigoda chake mwenyewe. Kibuyu cha asali kilikuwa katikati ya meza, hakijaguswa.

Baba yake, Baltazar, alikuwa amevaa koti la kanisani. Mzee Ignasi alikaa ng'ambo, kofia magotini.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba," walijibu, kila mmoja kwa wakati wake.

"Kaa," Baltazar alisema. Natalia akakaa kwenye benchi karibu na mlango. "Hawa wazee wamekuja na maneno. Nimewaambia mawazo yangu bila kuficha. Kijana wao anaonyesha mambo ya makaburini na wanawake wanaopigana. Na binti yangu amezoea jembe na cherehani, hajazoea kuhama na mifugo. Wamenisikiliza kwa adabu. Mzee Ignasi amesema kijana amenunua kiwanja hapa Mbulu, hatahama. Mimi sijakubali, sijakataa. Neno moja tu ndilo limebaki, na si langu."

Natalia alilijua neno hilo. Aliwahi kuwaona dada zake wakiulizwa. Binti huitwa mbele ya wageni, akaulizwa kama anawajua. Akisema hawajui, wageni hunyanyuka, hakuna ugomvi, na asali yao huondoka nao. Akisema anawajua, lazima ataje kwa sauti wametoka nyumba ya nani, ili kesho asije akasema aliolewa gizani.

"Natalia binti Baltazar. Unawajua wageni hawa?"

"Nawajua, baba."

"Wametoka nyumba ya nani?"

Neno moja. Mji mzima ulilitaja kila siku, yeye mwenyewe alilitaja asubuhi na jioni. Aligeuka kidogo, akakutana na macho ya mama yake Yonas. Mama yule hakumwomba kitu. Alimtazama kwa upole tu, kama siku ile ya maziwa, na katika macho yake Natalia aliona kwamba hata akilitaja hatachukiwa. Atasamehewa kabla hajamaliza. Bado ni wa baba yake.

Alifungua mdomo. Ulimi ulilala.

"Natalia?"

"Ni nyumba ya kina Yonas, baba."

"Yonas wa nani? Akina Yonas ni wengi mpaka kwenye Biblia."

"Yonas wa banda la video. Lile lililo mbele ya cherehani yangu."

"Nimeuliza mtu. Sijauliza banda."

"Jina limeandikwa mlangoni, baba."

"Mlango uko Mbulu, mimi niko Tlawi. Taja."

Mzee Ignasi alikohoa. "Baba Natalia, naomba nieleze kidogo..."

"Hapana, mzee wangu. Mshenga asimtie binti maneno mdomoni. Natalia, unalijua jina au hulijui?"

"Nalijua."

"Sasa litaje."

"Siwezi, baba."

Evaline aliweka kitunguu chini. Baltazar alimtazama binti yake kwa muda mrefu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeogopa kwa ajili ya mtoto.

"Kuna mtu amekukataza? Amekutisha? Sema hapahapa, niko mimi."

"Hakuna, baba. Nimejikataza mwenyewe."

Baltazar hakuelewa. Alipangusa paji la uso, akavuta pumzi, akaanza kuinuka kitini. "Basi, wazee wangu, mmesikia wenyewe. Binti ameshindwa kuwataja. Mimi sina..."

"Nawajua!" Natalia alisema. "Baba, nawajua. Usiwaondoe."

Baltazar alibaki nusu amesimama. Hajawahi kuona jambo kama lile. Binti hataki kuwataja wageni, wala hataki waondoke. Akamgeukia mama yake Yonas, kwa heshima, kama mtu aliyepotea anayeuliza njia.

"Mama, labda wewe utanisaidia. Nyumba yenu ni ya nani?"

Mama yake Yonas alivuta shuka lake taratibu, akafunika mdomo, akatazama chini.

"Hata wewe?" Baltazar alikaa kwa kishindo. "Jamani! Ni jina gani hili? Si Gidabuday? Hata watoto wa shule wanalitaja. Gidabuday! Kuna ubaya gani katika..."

Aliposema neno lile, mama wa Getanuwas aliinamisha kichwa, na wakati uleule, kwenye benchi karibu na mlango, binti yake naye aliinamisha kichwa. Hawakuangaliana. Hawakuwa wamepanga.

Baltazar alisema tena, safari hii polepole, akiwatazama. "Gidabuday."

Vichwa viwili vikashuka zaidi, pamoja, kama mabua ya ngano yaliyopitiwa na upepo mmoja.

"Baba Natalia, acha," Evaline alisema kwa sauti ndogo. "Utawavunja shingo."

Mzee Ignasi alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akafuta macho kwa kofia. Kisha akaeleza. Baltazar alisikiliza bila kumkatiza, mikono juu ya magoti, akimtazama mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kusema baba, akamfundisha kusali, na ambaye leo amekataa neno moja na kwa kulikataa amesema mengi.

"Tangu lini?" alimwuliza.

Natalia alifikiria. Hakuwa anajua msituni, na njiani hakuwa anajua. Hata sasa moyo wake ulikuwa unakwenda mbio, na kama angeulizwa ni furaha au ni hofu, asingeweza kuapa.

"Tangu sasa hivi, baba."

Baltazar alitikisa kichwa polepole. Akanyoosha mkono, akakivuta kile kibuyu cha asali upande wake wa meza. Evaline alikiona, akapangusa macho kwa ncha ya kanga.

"Mwite huyo kijana aingie," Baltazar alisema. "Kuna baridi. Na nataka anieleze kwa kinywa chake habari za hao maiti wake."

Natalia alitoka. Yonas alikuwa amesimama palepale alipomwacha, hajakaa, midomo imepauka kwa baridi. Alimtazama usoni akitafuta jibu, akaona machozi, akaona tabasamu, asijue alisome lipi.

"Umesemaje?" aliuliza.

"Sijasema," Natalia alijibu. "Ingia ndani."